Mzigo wa Kurudi Nao: Makosa ya Kufungasha Yanayokula Fedha Mwisho wa Likizo

Begi la kwendea likizo na begi la kurudia ni begi lile lile kwa jina tu. La kwenda lilifungashwa nyumbani kwa nafasi, mizani ikiwa karibu, na ndani yake mlikuwa na nguo na vitu ambavyo mwenyewe amevizoea. La kurudi hufungashwa usiku wa mwisho, hotelini au kwa shangazi, likiwa limeongezewa kanga, viungo, chupa ya asali, dagaa waliofungwa kwenye gazeti, kinyago, na zawadi za watu ambao haiwezekani kuwakatalia. Msafiri hufika kaunta akidhani tatizo lake ni kilo. Kilo ni tatizo mojawapo, na mara nyingi ndilo dogo.

Ugumu wa jambo hili unatokana na ukweli kwamba begi moja husimamiwa na mamlaka kadhaa ambazo hazishauriani. Shirika la ndege huangalia uzito na ukubwa, kwa sababu ndivyo lilivyokuuzia tiketi. Wakaguzi wa usalama huangalia kinachoweza kuidhuru ndege angani. Nchi unayoiaga huangalia kinachotoka katika bahari, mbuga na ardhi yake. Nchi unayoingia huangalia magonjwa ya mimea na mifugo, ushuru na dawa za kulevya. Karibu kila kosa la gharama huanzia hapo: mtu kamwuliza mmoja, kajibiwa kwamba hakuna tabu, naye kadhani wote wamekubali. Miraa huuzwa hadharani Nairobi na Mombasa, lakini Uingereza imeihesabu kuwa dawa ya kulevya tangu Juni 2014, na hata Tanzania, iliyo jirani, inaikataza. Vidonge vya maumivu vyenye kodini au tramadoli, ambavyo daktari kaviandika kwa haki kabisa, vimo katika dawa zinazodhibitiwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na abiria anayetoka uwanjani Dubai kulala usiku mmoja kabla ya kuunganisha safari anahitaji kibali cha mapema, cheti cha daktari na dawa ikiwa ndani ya boksi lake la asili.

Makala haya yanamfuata zaidi msafiri anayerudi Ulaya au Marekani baada ya likizo ya Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam, awe mtalii au mtu wa kwao anayeishi ughaibuni, kwa kuwa ndiye anayebeba mchanganyiko mgumu zaidi.

Tuanze na kilo, maana ndizo zinazolalamikiwa sana. Mashirika ya ndege hutumia mifumo miwili ya kuhesabu mzigo, na abiria wengi hawajui wamo katika upi. Katika mfumo wa uzito, tiketi hukupa jumla, tuseme kilo 30, nawe huzigawa katika mabegi kadiri shirika linavyoruhusu. Kila kilo inayozidi hulipiwa peke yake. Katika mfumo wa idadi, tiketi hukupa mabegi, tuseme mawili ya kilo 23 kila moja. Hapa begi moja likiwa na kilo 27 na la pili kilo 15, jumla yako haijafika 46, lakini bado umezidisha, kwa sababu kila begi huhesabiwa lenyewe. Tena mashirika mengi ya mfumo huu hutoza ada moja kwa begi lolote lililo kati ya kilo 23 na 32, hivyo kilo moja ya ziada hugharimu sawa na kilo tisa. Anayelijua hilo hufanya moja kati ya mawili: huipunguza ile kilo, au, akishaamua kulipa, hulijaza begi hadi karibu na 32 na kuachana na wazo la begi la tatu. Hizo 32 ndizo ukomo wenyewe. Begi lililopita hapo kwa kawaida halipokelewi kama begi la abiria hata ukitoa fedha, kwa kuwa ukomo huo umewekwa ili kulinda migongo ya wapakiaji.

Ada hiyo hiyo mara nyingi huwa nafuu ikilipwa mtandaoni siku moja au mbili kabla ya safari kuliko ikilipwa kaunta, na hili ndilo linaloufanya usiku wa mwisho uwe ghali. Aliyepima begi kwa mizani ndogo ya kuning'iniza anajua mapema kama anahitaji kununua kilo. Asiyepima huujua uzito wake mbele ya foleni, begi likiwa wazi sakafuni, viatu vikitoka, kanga zikihamishiwa kwa binamu aliyekuja kusindikiza, na mwishowe hulipa bei ya juu kwa kuwa muda wa kufikiri umekwisha.

Aliyemalizia likizo Mafia, Ruaha au Serengeti ana mtego wake. Ndege ndogo zinazohudumia viwanja hivyo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, begi la mkononi likiwa humo humo, na hutaka mabegi laini yasiyo na fremu ngumu kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu. Tiketi yake ya kimataifa kutoka Dar es Salaam inaweza kumpa kilo 46, lakini ndege ndogo kuliko zote katika safari ndiyo inayoamua atabeba nini. Hali hiyo humpata pia aliyenunua tiketi mbili zisizohusiana, moja hadi Nairobi na nyingine ya kuendelea Ulaya kwa shirika tofauti. Shirika la pili halifungwi na ahadi za la kwanza, hivyo abiria huyo hulichukua begi lake, huanza upya kaunta, na hupimwa kwa kanuni mpya.

Dawa ya wengi ni kuhamishia uzito kwenye begi la mkononi. Mashirika mengi huliwekea begi hilo kikomo cha kilo 7, na siku hizi hulipima. Hata lisipopimwa, limetoka katika mikono ya shirika na kuingia katika mikono ya wakaguzi wa usalama, ambao hawajali uzito hata kidogo ila wanajali sana kilichomo.

Kikomo cha mililita 100 kwa vitu vya maji kilitokana na tukio la Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipovunja njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichobaki, kwa hiyo chupa ya mililita 200 iliyobakiza robo haipiti. Na neno maji hapa lina mipaka mipana: asali, achari, siagi ya karanga, mafuta ya nazi, udi wa mafuta na krimu vyote vimo. Halua laini hukaa njia panda, na uamuzi ni wa afisa aliyeko zamu, si wa aliyeipika.

Kwa anayerudi, kanuni hii imeongezewa kinyume kipya. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vilivyofunga skana za kisasa vimelegeza kikomo hicho; Edinburgh, kwa mfano, tangu 2025 inaruhusu chupa za hadi lita 2. Msafiri aliyepita huko na losheni yake kubwa bila kuulizwa hujenga imani kwamba sheria imefutwa. Haikufutwa. Kanuni inayokuhusu ni ya kiwanja kinachokukagua saa hiyo, na ukikaguliwa tena unapobadili ndege, ni ya kiwanja hicho cha pili. Manukato yaliyonunuliwa katika duka lisilotoza ushuru husafiri salama ikiwa yamo ndani ya mfuko maalumu uliofungwa kwa lakiri, risiti ikionekana ndani, na mfuko haujafunguliwa. Kuufungua ili kunusa ni kuiondolea chupa kinga yake. Anayeingia Marekani na kuunganisha ndege ya ndani ana nafasi nyingine: hulazimika kulichukua begi lake kubwa katika kiwanja cha kwanza cha Marekani ili lipite forodha, na hapo ndipo pa kuziingiza chupa ndani yake kabla ya kulikabidhi tena. Marekani pia ina kanuni ambayo wapenzi wa viungo hawaitarajii. Tangu katikati ya 2018, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 katika begi la mkononi unaweza kuzuiwa kwenye ndege zinazoelekea huko, na hiyo inagusa bizari, pilipili manga ya kusaga na unga wa muhogo. Mahali pake ni begi la kukabidhi.

Pawabenki huenda kinyume kabisa, nayo ndiyo kosa linalorudiwa zaidi. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika begi la kukabidhi, na sababu yake ina mantiki. Betri iliyopata hitilafu hujipasha moto yenyewe, seli moja ikiiwasha nyingine, na gesi ya kuzimia moto iliyoko sehemu ya mizigo haiwezi kuukatisha mwendo huo. Ndani ya chumba cha abiria wahudumu wanaweza kuiona, kuimwagia maji na kuipoza. Kipimo kinachotumika ni wati-saa: hadi 100 haihitajiki idhini ya mtu yeyote, kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika, na zaidi ya 160 hairuhusiwi kabisa. Tatizo ni kwamba pawabenki nyingi huuzwa kwa kutaja miliampea-saa kwa herufi kubwa, na wati-saa, kama zimeandikwa, huwa katika mstari mdogo wa kijivu upande wa nyuma, chini ya alama za viwango. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya miliampea-saa kwa 1,000 upate ampea-saa, kisha zidisha kwa volti. Pawabenki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, nayo inapita. Inayofika 27,000 imeshagonga 100. Ile ya bei nafuu ya mtaani isiyo na maandishi yoyote ni rahisi kukataliwa, kwa sababu afisa hana cha kusoma. Kisha shirika lenyewe linaweza kuwa kali zaidi: tangu Oktoba 2025 Emirates inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege.

Kosa la ndani ya kosa hutokea mlangoni mwa ndege. Ndege ikijaa, wahudumu huomba mabegi ya mkononi yapelekwe chini, na abiria hulitoa lake kwa moyo mweupe, pawabenki, dawa za presha na pasipoti vikiwa ndani. Ni vyema vitu hivyo vikae katika mfuko mdogo unaotoka kwa mkupuo mmoja.

Sasa chakula, ambapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa na, kwa maoni yangu, ndipo panapoonyesha vizuri zaidi jinsi mamlaka hizi zisivyofuata akili ya jikoni. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka Afrika Mashariki kuingiza nyama wala maziwa ya kiasi chochote katika mizigo yake. Sambusa za nyama alizokaanga bibi, kikopo cha samli na jibini vyote hutupwa. Samaki, kinyume chake, anaruhusiwa hadi kilo 20, awe ametolewa matumbo au ameshatengenezwa, kwa hiyo dagaa wakavu na ng'onda, ambao ndio wanaowatia watu hofu kwa harufu yao, wana nafasi nzuri kuliko samli isiyonuka. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Hapo asali inakuwa mfano kamili wa mamlaka mbili zisizoonana: ndani ya begi la mkononi mkaguzi wa Dar es Salaam ataichukua kwa sababu ni kitu cha maji, na ndani ya begi la kukabidhi forodha ya Frankfurt haitakuwa na neno nayo.

Kwa matunda, tangu Desemba 2019 karibu kila tunda bichi, mboga na mmea unaoingia Umoja wa Ulaya lazima uwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho Tanzania Bara hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na Kenya hutolewa na KEPHIS, taasisi ya serikali ya ukaguzi wa afya ya mimea. Yamesamehewa matunda matano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Mtu wa Unguja akiisoma orodha hiyo anaweza kudhani iliandikwa katika soko lake la Darajani, isipokuwa embe halimo, na embe ndilo linalobebwa na wengi. Embe boribo, mapera, mastafeli, machungwa na kisamvu kibichi vyote vinahitaji cheti, hata kama ni vitatu tu vya kuonjesha watoto. Viungo vilivyokaushwa vikafungwa vizuri havina tabu ya kawaida. Pakiti ya karafuu ya dukani husafiri bila maneno, ingawa anayefikiria kubeba karafuu kwa kilo nyingi ajue kwamba biashara yake Zanzibar husimamiwa na shirika la serikali, ZSTC, na kilichopita pembeni ya shirika hilo huitwa magendo. Uingereza, tangu itoke katika Umoja, ina orodha yake, na haifai kudhani kwamba kilichopita Amsterdam kitapita London.

Jambo ambalo wasafiri hulipa zaidi kwalo, hata hivyo, si chakula chenyewe bali kunyamaza. Julai 2022, abiria aliyetoka Bali alitozwa dola 2,664 za Australia katika kiwanja cha Darwin kwa sababu ya McMuffin mbili za mayai na soseji ya ng'ombe na croissant ya nyama ya nguruwe ambazo hakuzitaja kwenye fomu, wakati Indonesia ilikuwa na mlipuko wa ugonjwa wa midomo na miguu ya mifugo. Marekani nako, chakula kilichotajwa kwenye forodha kikikataliwa hutupwa na abiria akaenda zake, ilhali kilichofichwa huleta faini. Kutaja usichokuwa na uhakika nacho hakugharimu kitu ila dakika chache.

Zawadi za baharini zina sheria kutoka pande zote mbili za safari. Kasa yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo bangili au kitana cha gamba lake ni kosa popote utakapokamatwa nacho. Matumbawe magumu, farasi wa baharini na makombe makubwa yamo katika Kiambatisho cha Pili, na huhitaji hati. Kwamba kombe liliokotwa ufukweni likiwa tupu, au liliuzwa waziwazi kando ya barabara ya Nungwi, si utetezi, kwani muuzaji habebi mzigo huo mpakani. Hata mlo wa kawaida umeingia humo: tangu Novemba 2023 ukoo mzima wa papa wanaovuliwa sana duniani umo katika orodha za mkataba huo, kwa hiyo papa mkavu anayepikwa kwa nazi Pemba hasafiri tena kwa wepesi wa dagaa. Kwa madini kama tanzanite, nunua kwa muuzaji mwenye leseni anayetoa risiti na nyaraka za kusafirishia, na ubebe vyote pamoja mwilini au begi la mkononi.

Risiti hiyo hutumika tena upande wa pili. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege husamehewa ushuru kwa bidhaa za hadi euro 430, na Uingereza kwa pauni 390, na kitu kimoja hakigawanywi: bangili ya euro 600 hailipiwi zile 170 zilizozidi, hulipiwa yote. Kwa wanaorudi Afrika Mashariki kutoka mapumziko ya Dubai au Muscat, sheria ya forodha ya Jumuiya inasamehe lita moja ya pombe kali au mbili za mvinyo, na nusu lita ya manukato kwa jumla. Wajue pia kwamba mifuko ya plastiki ya dukani waliyofungia vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi hutamkwa.

Linabaki begi lililokabidhiwa vizuri na lisifike. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaliwajibisha shirika la ndege, lakini kwa kikomo: tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, takriban dola 2,000 za Marekani, hata kama mabegi yalikuwa matatu. Mwenye mali zaidi ya hapo anaweza kutamka thamani kubwa kaunta kabla begi halijaondoka, kwa kulipa ada, lakini mashirika mengi huandika katika masharti yao kwamba hayataki vito, fedha wala kompyuta katika begi la kukabidhi, na kubishana nayo baadaye ni safari nyingine. Picha ya vilivyomo, iliyopigwa begi likiwa wazi kitandani, husaidia sana wakati huo.

Taarifa hutolewa kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, na abiria hupewa namba ya fomu iitwayo PIR. Fomu hiyo peke yake haitoshi. Kwa begi lililoharibika, malalamiko ya maandishi yawe yamefika kwa shirika ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Kwa lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na ambalo halijaonekana baada ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika huhesabiwa limepotea. Wengi hupoteza haki yao katika zile siku 7, kwa sababu aliyerudi nyumbani amechoka huliacha begi ukumbini bila kulifungua hadi mwisho wa wiki, na chupa iliyovunjika ndani yake hukutwa siku ya nane.